Kifurushi cha usalama nilichokwenda nacho Medellín: vifaa vilivyonifaa, na karatasi za kupimia vinywaji ambazo sitazinunua tena

Kifurushi hiki nilikiagiza mtandaoni wiki sita kabla ya safari ya Kolombia, na pamoja na gharama za kukifikisha Moshi kilinigharimu shilingi 165,000. Ndani yake mlikuwa na karatasi kumi za kupimia vinywaji, vifuniko viwili vya glasi, mkoba mwembamba wa kuvaa kiunoni chini ya nguo, kabari ya mlango yenye king'ora, na king'ora kidogo cha kuning'iniza kwenye begi. Muuzaji simtaji, kwa kuwa vifaa vya namna hii vinauzwa na wengi kwa maneno yanayofanana, na kasoro ninayotaka kuieleza imo katika maneno hayo zaidi kuliko katika duka moja.

Nilikwenda kwa shughuli za ushirika wetu wa kahawa. Siku nne nilikaa mjini Medellín, na siku saba nyingine katika mashamba ya mkoa wa Antioquia, upande wa Jardín, ambako kwa kweli sikuhitaji chochote cha kujilinda isipokuwa koti la mvua. Hofu yangu ilikuwa mjini. Mnamo Januari 2024 Ubalozi wa Marekani huko Bogotá ulitoa tahadhari kwamba raia wake wanane walikuwa wamekufa vifo vya kutatanisha mjini Medellín kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Desemba 2023, na kwamba baadhi ya vifo hivyo vilihusishwa na kutiliwa dawa, na baadhi na wizi wa watu waliokutana kupitia programu za kutafuta wapenzi. Mtu akishasoma habari ya namna hiyo, tangazo linalosema "jua kinywaji chako ni salama kabla ya kukinywa" linamwingia moyoni mara moja. Mimi liliniingia.

Dawa inayotajwa zaidi Kolombia ni skopolamini, ambayo wenyeji huiita burundanga. Hupatikana katika mimea ya jamaa moja na mnanaha wetu, hasa ule mti wa maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, ambao Wakolombia huuita borrachero na ambao huku kwetu nyanda za juu watu wanaupanda uani kwa ajili ya uzuri wake. Hospitalini dawa hiyo ina kazi njema: kipande cha kubandika nyuma ya sikio, chenye takriban miligramu 1 inayotoka polepole kwa siku tatu, humzuia msafiri asichafukwe na roho melini. Kiasi kikubwa zaidi kikiingia mwilini kwa mara moja hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, huyaendesha mapigo ya moyo mbio, na, jambo ambalo wezi ndilo wanalolitafuta, humwacha mtu akiwa anatembea na kuzungumza huku hana uwezo wa kukataa wala wa kukumbuka kesho yake alichofanya. Mtu wa hali hiyo hanyang'anywi namba ya siri. Anaulizwa, naye anaitaja. Haina ladha wala harufu ya kumshtua mnywaji. Zile simulizi kwamba unaweza kulegezwa kwa kupuliziwa unga usoni au kupewa karatasi ya kushika zimeenea sana, lakini njia inayoripotiwa kwa kawaida ni kinywaji na chakula, kwa hiyo mtu mwenye tahadhari aelekeze macho yake kwenye glasi.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Kila moja ina madoa mawili. Unachovya kidole au mrija katika kinywaji, unadondosha tone katika kila doa, unasubiri dakika chache, na doa likigeuka buluu unamwaga. Nje ya boksi pameandikwa kwamba karatasi hugundua "dawa za kulevya zinazotiwa kwenye vinywaji". Ndani, katika kijikaratasi cha maelekezo kilichokunjwa mara nane na kuchapishwa kwa herufi ndogo mno, ndimo nilimokuta kwamba zinapima vitu viwili tu: GHB, dawa ya kulewesha na kulaza usingizi, na ketamini, dawa ya nusukaputi. Skopolamini haimo. Dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini hazimo pia, ingawa ni dawa ambazo wahalifu wamezitumia katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimenunua kipimo cha kwenda nacho Kolombia kisichoweza kuiona dawa ambayo Kolombia inajulikana kwayo, na jambo hilo sikulijua mpaka nilipokuwa nimekwisha kulipa.

Nilizijaribu nyumbani kabla ya kuondoka. Kwenye maji ya chupa hazikubadilika, kama inavyotakiwa. Kwenye maji ya machungwa niliyokamua mwenyewe doa moja liliingia rangi ya samawati hafifu, na nilibaki nikiigeuza karatasi kwenye mwanga nisijue kama hiyo ni ndiyo au siyo. Chai ya maziwa iliacha uchafu usiosomeka, na mvinyo mwekundu ulifunika doa kwa rangi yake. Hili si ajabu, kwa sababu vipimo vingi vya rangi vya aina hii huvurugwa na ukali wa ndimu au machungwa, na maziwa, na vinywaji vyeusi. Lakini baa yenye mwanga hafifu, ambako watu wanakunywa mvinyo na vinywaji vilivyochanganywa na ndimu, ndiyo mahali penyewe ambapo karatasi hiyo inatakiwa kufanya kazi.

Ningeliacha jambo hili hapa na kuziita karatasi hizo dhaifu tu, kama si yaliyotokea usiku wetu wa tatu. Tulikuwa watu saba, wote wa shughuli za kahawa, tukala chakula cha jioni katika mtaa wa Provenza, kule El Poblado, ambako kuna migahawa mingi na watu wengi mpaka usiku wa manane. Mmoja wetu, mtu wa makamo anayetoka nchi jirani na kwetu, mwenye heshima zake na mwangalifu, alikuwa ameniomba karatasi mbili mchana wake, nami nikampa. Sisi wengine tuliondoka saa nne. Yeye alibaki na watu wawili aliowafahamu hapo, waliozungumza naye vizuri kuhusu biashara. Tulimpata siku iliyofuata karibu na adhuhuri, amekaa mapokezi hotelini, shati limefungwa vifungo visivyolingana, hawezi kueleza amefikaje. Simu haikuwepo. Kadi yake ya benki ilikuwepo, lakini ilikuwa imetumika mara tano katika mashine mbalimbali za kutolea fedha. Aliponitambua, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Dada, nilikipima. Karatasi haikubadilika rangi."

Tulimpeleka hospitali, wakamwangalia moyo, wakamtundikia maji na kuchukua mkojo. Walimhudumia kwa utu sana. Ilikuwa dawa gani hatukuambiwa, na huenda haikutiwa katika glasi ile aliyoipima bali katika iliyofuata. Hata hivyo aliniambia wazi kwamba, kama si ile karatasi, asingepokea kinywaji asichokiona kikimiminwa, kwa sababu nyumbani kwao hafanyi hivyo. Kwa Wakenya jambo hili si geni; wana neno lao, wanasema mtu "amewekewa mchele", na sisi Watanzania tunaosafiri kwa mabasi tumeonywa tangu utotoni juu ya biskuti na juisi ya jirani wa kiti. Kile alichofundishwa na wazazi wake kilimtosha kumlinda. Karatasi niliyompa mimi ndiyo iliyomfanya akiweke kando, na nimeumia kwa ajili ya hilo tangu siku ile.

Kwa hiyo tathmini yangu ya karatasi hizi ni kali, na sioni haya kuiandika. Kifaa kinachogundua dawa mbili kati ya nyingi, na kikawa kimya juu ya nyingine, ukimya wake unasomwa na mtumiaji kama cheti cha usalama. Muuzaji mwaminifu angeandika juu ya boksi, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa, kwamba karatasi isiyobadilika rangi haimaanishi kinywaji ni salama.

Vifuniko vya glasi ni habari nyingine kabisa. Ni vipande vya kitambaa kinachovutika, vyenye tundu dogo la mrija, na vikikunjwa vinakuwa kama kibana nywele. Havidai kujua chochote juu ya kilichomo ndani ya glasi. Vinazuia mkono wa mtu mwingine tu, na kazi hiyo vinaifanya wazi mbele ya wote, jambo ambalo nadhani ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu mwizi hutafuta glasi rahisi. Wakolombia wana usemi wao, "no dar papaya", yaani usimpe mtu papai: usiweke kitu chako wazi kiasi cha kumfanya mwenzio aone ni zamu yake kukichukua. Dereva aliyetupokea uwanja wa ndege wa Rionegro alitufundisha usemi huo kabla hatujafika mjini, na kifuniko kile kinautii kuliko kifaa kingine chochote katika kifurushi. Upungufu wake ni kwamba glasi pana za mvinyo haziingii vizuri, na hakiwezi kukusaidia ikiwa anayekutilia dawa ndiye anayekumiminia.

Mkoba wa kiunoni ni mzuri, mwembamba, haukunichubua hata katika jua la mchana. Ndani niliweka kadi moja ya akiba na dola chache, pasipoti nikaiacha katika kasha la hoteli, nikatembea na nakala yake. Fedha za siku nilizibeba mfukoni kando, ili nisilazimike kufungua nguo mbele za watu, maana mkoba unaofunguliwa sokoni umekwisha kutangazwa. Katika treni ya Metro, ambayo jioni hujaa mpaka hakuna pa kusogea, nilikuwa na utulivu ambao begi la mgongoni lisingenipa.

Kabari ya mlango niliidharau nilipoiona, nikaipenda baada ya usiku mmoja. Unaisukuma chini ya mlango kwa ndani. Mlango ukisukumwa, inaziba na kulia kwa sauti ambayo iliamsha ghorofa nzima nilipoijaribu, nikalazimika kuomba radhi. Kwenye sakafu ya vigae iliteleza kidogo, nikaiwekea kipande cha kandambili chini yake. King'ora cha begi sikukitumia, na betri yake ilikuwa imekwisha kabla sijarudi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kifaa katika kifurushi hiki kinacholigusa, nalo ni simu. Hasara kubwa ya mwenzetu haikuwa pochi. Laini yake ya nyumbani ilikuwa ndani ya simu, na ndani ya laini hiyo akaunti yake ya fedha na programu ya benki, vyote vikifunguliwa kwa namba ya siri ambayo mtu aliyetiliwa dawa huitoa bila kubishana. Tangu hapo mimi laini yenye fedha naiacha nyumbani, nasafiri na laini nyingine, naiomba benki ishushe kiwango cha kutoa kwa siku, na namba ya kufungia kadi nimeiandika kwenye karatasi na kumpa pia ninayesafiri naye. Haya hayana gharama, na yangemwokolea mwenzetu fedha nyingi kuliko boksi zima la shilingi 165,000.

Ningependa pia kijikaratasi kile cha maelekezo kingeeleza la kufanya pale mwenzako anapolegea ghafla baada ya kinywaji kidogo, maana humo hamna hata mstari mmoja juu yake. Usimruhusu aende chumbani peke yake wala na mtu aliyemfahamu usiku huo. Akilala, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, na umkeshee ukiangalia pumzi zake. Piga simu ya dharura, ambayo Kolombia ni 123, na mfikishe hospitali mapema, kwa sababu GHB hutoweka katika mkojo ndani ya saa 12 hivi, na anayengoja mpaka alale na kuamka huenda akaambiwa hakuna kilichoonekana. Glasi ikiwepo, iende naye.

Kama nitasafiri tena, nitanunua vifuniko na kabari peke yake, na mkoba ninao tayari. Karatasi zilizobaki nimezitupa; sikutaka kumgawia mtu mwingine. Nilimwandikia muuzaji nikimweleza yote haya, nikamwomba abadilishe maneno ya nje ya boksi, akanijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa na akanirudishia nusu ya fedha. Nilipolitazama tangazo lake leo asubuhi, maneno ni yaleyale.