Uzamili wa sera za jamii nikiwa kazini Kigoma: uzoefu wangu

Mwaka huu nimemaliza shahada ya uzamili ya sera za jamii, kwa masomo ya masafa, huku nikiendelea na kazi yangu ya afisa maendeleo ya jamii mkoani Kigoma. Kwenye prospektasi ni miezi 18. Mimi imenichukua miaka mitatu na ushee. Wenzangu wa Kasulu na Kibondo wananiuliza mara kwa mara kama inafaa. Jibu langu ni ndiyo, inafaa sana, ila kuna mambo ya kujua kabla hujalipa ada.

Kilichonipeleka shule ni bati. Nikiwa mgeni kazini nilisimamia mkutano wa kijiji wa kutambua kaya maskini za TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika ambacho unakifikia kwa boti kutoka Kibirizi. Wananchi hutaja kaya wenyewe, kisha kaya hizo hupitiwa kwa dodoso linalouliza habari za nyumba, mali na wategemezi. Likatajwa jina la bibi mmoja. Mtu akasema kutoka nyuma, "Huyo ana bati." Watu wakaguna, tukaenda jina linalofuata. Bati lile aliliezeka mwanawe kabla hajafariki. Bibi akanifuata nikikusanya karatasi zangu: "Mwanangu, sasa hilo bati nile?" Nilimwamkia tena, nikakosa la kusema.

Mhula wa kwanza nikakuta kwamba swali la bibi limewasumbua wasomi kwa miaka mingi: umpe kila mtu, au uwatafute walio maskini zaidi uwape wao tu? Richard Titmuss, profesa wa London, alishikilia kwamba huduma za watu wote ndizo ziwe msingi, na kuwaongezea wenye shida kuje juu ya msingi huo, wasiaibishwe kwa kutengwa. Ukiwalenga maskini peke yao kuna watakaoachwa nje kimakosa, na kuna wengine watakaoona haya kujitokeza. Nilisisimka nilipogundua kwamba Titmuss huyo huyo ndiye aliyeongoza jopo lililoandika taarifa ya huduma za afya za Tanganyika, mwaka 1964. Kumbe mjadala huu ulishafika kwetu kabla hata ya Azimio la Arusha! Tena si lazima uende mbali kutafuta mfano. Zanzibar wana Pencheni Jamii tangu 2016, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mzee aliyefikisha miaka 70. Hapo hakuna anayeuliza habari za bati.

Upungufu wa kwanza wa masomo haya ni kwamba vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Utasoma Taarifa ya Beveridge ya Uingereza ya 1942, iliyopendekeza bima ya jamii, utasoma Esping-Andersen na makundi yake matatu ya dola za ustawi, yaani nchi ambazo serikali huwahudumia raia wake, na yote ni mazuri. Lakini sehemu kubwa imejengwa juu ya mfanyakazi mwenye mwajiri, mshahara na makato. Mvuvi wa dagaa anakatwa wapi? Mkulima wa michikichi je? Daraja la kutoka vitabu hivyo hadi maisha ya huku utalijenga mwenyewe kwenye insha zako, na usiogope kulijenga. Insha zangu zilizopata alama nzuri ni zile nilizoandika habari za huku.

La pili ni usimamizi wa tasnifu, na hapa niliumia. Msimamizi wangu alikaa na sura mbili za kazi yangu miezi mitano bila neno. Nikalipia muda wa nyongeza kwa kosa lisilo langu. Omba msimamizi wa pili mapema, tuma kazi kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na nakala ipeleke kwa mratibu.

Kibali cha utafiti kinataka uvumilivu tu. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata hadi wa kijiji. Hata mimi mtumishi wa humu humu niliipitia ngazi kwa ngazi, wiki tatu.

Siku niliyojifunza zaidi haikuwa ya darasani. Nilikuwa najaribisha dodoso kwa mama mmoja anayeanika dagaa. Nikamsomea: "Mwezi uliopita kaya yenu ilipata shilingi ngapi?" Mikono yake ikaendelea kugeuza dagaa kwenye kichanja. "Mwezi upi, mwanangu? Siku za giza au za mbalamwezi?" Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na fedha hukatika. Ukimuuliza wakati wa giza ataonekana anajiweza, ukirudi siku za mbalamwezi utamkuta anakopa unga. Swali langu, nililolinakili kutoka kwenye dodoso la kitaalamu, lilikuwa linampima kwa kalenda isiyo yake. Usiku ule nililigawa swali hilo mara mbili: kipato cha giza peke yake, cha mbalamwezi peke yake, na nani alikuwa dago (kambi ya wavuvi) wakati huo. Msimamizi alisita, nikamwandikia kurasa mbili za sababu, akakubali.

Anayetaka cheti haraka apandishwe daraja, namshauri atafute kozi nyingine. Kusoma ni kwingi na kuandika ni kwingi zaidi. Ila kama uko maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, au kwenye kambi za wakimbizi, na kila siku unaamua nani apate na nani akose, soma hii. Anza na akiba ya ada ya mwaka mzima, na pakua makala zako usiku intaneti inapotulia.

Dodoso langu la giza na mbalamwezi ninalo. Afisa yeyote wa mwambao anayelihitaji anikute ofisini, nitampa nakala.