Uzoefu wangu na beji ya "tovuti isiyo na hewa ukaa": nyota 2 kati ya 5

Wadau, naona watu wanauliza sana kama hizi huduma za kufidia hewa ukaa ya tovuti (unalipa, wao wanasema wanafidia hewa ukaa ya umeme unaoendesha tovuti yako kwa kufadhili miradi kama ya misitu) zina maana au ni kupigwa tu. Mimi nimetumia moja karibu mwaka mzima kwenye tovuti ya mteja wangu mwenye kampuni ya safari Arusha. Jina la huduma naliacha, nasema nilichokiona.

Kilichotupeleka huko ni mteja mwenyewe, aliona beji ya kijani kwa washindani wake akanipigia, "Mwanangu, wageni wangu wa Ujerumani wanaziulizia hizo, na sisi tuweke." Haya mama. Dola 6 kwa mwezi, unabandika kakodi (code) kadogo kwenye tovuti, beji inatokea chini ya ukurasa. Kujiunga ni fasta, hapo nawapa maksi zao.

Sasa njoo kwenye hesabu. Nikaingia Website Carbon, ile tovuti ya kupimia hewa ukaa ya jamaa wa kampuni ya Wholegrain Digital ya London, ikasema ukurasa wa mwanzo unatoa kama gramu 1 kila ukifunguliwa, ni makadirio lakini yanatosha. Tovuti inafunguliwa kama mara 10,000 kwa mwezi, yaani kilo 10, kwa mwaka kilo 120, tani yenyewe hata robo haijafika! Ukinunua krediti (cheti cha tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa au kuondolewa) ya bei ya juu kiasi, tuseme dola 30 kwa tani, inakuja dola 3 na senti. Sisi tunalipa 72. Hizo zingine zote tunalipia kapicha.

Ningevumilia kama wangekuwa wawazi, maana krediti ya kweli ina namba yake kwenye rejista, iwe ya Verra, Gold Standard au Plan Vivo (mashirika yanayoidhinisha krediti), na ikishatumika inafungwa isiuzwe tena kwa mtu mwingine. Nikaomba namba, wakanitumia PDF nzuuuri ina majani pembeni na jina la kampuni katikati, namba hamna. Nikauliza mradi uko wapi, jibu eti "tunasaidia misitu duniani". Misitu ipi sasa? Januari 2023 magazeti ya Guardian la Uingereza na Die Zeit la Ujerumani yaliandika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua zilizopitishwa na Verra huenda ni hewa tupu, Verra wakapinga, sawa, lakini tangu hapo mtu akiniambia misitu bila kutaja jina la msitu simwelewi.

Halafu kituko, beji yenyewe inavuta skripti (kodi za kompyuta) na fonti (maumbo ya herufi) kutoka seva yao kila ukurasa ukifunguka, yaani alama ya kupunguza hewa ukaa ndiyo inayoongeza mzigo. Kwenye simu yenye bando la mawazo unauona kabisa ukurasa umekwama unasubiri beji.

Kilichosaidia kweli ni kazi ya mikono. Picha za simba zilikuwa zimepakiwa zilivyotoka kwenye kamera, moja peke yake MB 4, nikazigeuza zote WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), za chini nikaziweka zisishuke mpaka mtu afike, video ya kujicheza yenyewe pale juu nikaing'oa (mama alinuna kidogo), plagini (programu za nyongeza) za slaida nje, hostingi (seva inapokaa tovuti) nikahamishia kampuni iliyoko kwenye orodha ya Green Web Foundation, shirika linaloorodhesha seva zinazotumia umeme wa kijani. Ukurasa ukatoka MB 9 mpaka chini ya MB 1 na nusu. Bila kumwambia kitu mama akaifungua yuko Karatu, mtandao wa kubahatisha, akapiga, "We mtoto, umefanya nini, mbona inafunguka haraka?"

Kufidia sijakataa. Nenda Katavi, wilaya ya Tanganyika, uone vijiji vilivyojenga madarasa na zahanati kwa hela ya hewa ukaa. Sisi tumeshakubaliana hela ya beji ielekezwe kwenye mradi wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ule wa kampuni ya Carbon Tanzania wenye cheti cha Plan Vivo, wageni wa mama wengi wanapita ziwa Eyasi, jirani na hapo, kwa hiyo wataelewa wanachoambiwa.

Ile huduma nimefunga akaunti ila kadi imekatwa tena dola 6 mwezi uliofuata, na helpdeski (huduma kwa wateja) ni roboti linalojibu "asante kwa kujali sayari". Aliyewahi kurudishiwa hela na watu wa aina hii anielekeze tafadhali.