Kwale wa Rubeho na bogenvilia ya shilingi elfu tano
Mwezi Agosti nililipia vitu viwili: safari ya siku tatu ya kuangalia ndege katika misitu ya milima ya Rubeho, wilayani Mpwapwa, na mche wa bogenvilia kutoka kitalu kimoja hapa Dodoma mjini. Tangazo la safari lilisema nitamwona kwale wa Rubeho. Muuza miche alisema nitaona maua kabla ya mvua za Desemba. Kati yao, muuza miche peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kuahidi.

Kwale huyo haahidiki. Nduguye wa Udzungwa alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 tu, baada ya watafiti kutoka Denmark kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mboga. Wa Rubeho alifuata mwaka 2000, na jamaa zao wa karibu wako Asia. Hushinda chini ya miti akipekua majani makavu, naye ana rangi ya majani hayo hayo, hivyo unaweza kumpita hatua mbili usimwone. Sisi tulisikia mchakacho mara moja, na hata sasa sina hakika kwamba hakuwa panya. Mwongozaji alizijua njia, miti na vinyonga kwa undani wa kupendeza, na maharage ya usiku wa pili yalikuwa matamu mno, ila kila nilipomuuliza habari za kwale alijibu, "Kesho."

Bogenvilia nayo ni mgeni, kwa kuwa asili yake ni Amerika Kusini na jina lake ni la baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville, ingawa kwa jinsi ilivyojaa kwenye nyua zetu ungedhani ilizaliwa Ugogo. Muuzaji alinionyesha kwamba ile rangi ya zambarau ni majani tu, na ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Akanikataza kuumwagilia maji kila siku, kwani mche ulioshiba maji hutoa majani mengi na maua machache. Ulichanua Oktoba. Kasoro yake ni moja: hakunitajia miiba.

Kitalu nakipendekeza bila masharti. Safari ya Rubeho nitairudia siku tangazo litakapouza msitu na maarifa ya mwongozaji, ambavyo vyote nilivipata, na kumwacha kwale nje ya bei.