Sanduku la Majaribio ya Usumaku: Grafaiti Safi, Ahadi Imetiwa Chumvi
Sanduku hili, ambalo nililinunua katika duka la vifaa vya shule karibu na Barabara ya Digo, Mombasa, lina sumaku za neodimiamu, kibapa cha grafaiti, kipande cha molibdenamu disalfaidi na utepe wa gundi. Grafaiti ndiyo inayostahili sifa: ukiiweka juu ya sumaku nne zilizopangwa kwa kupishanisha ncha, huelea hewani, na ukiisukuma kidogo kwa kalamu hurudi mahali pake, kwa kuwa husukumwa na ncha zote mbili za sumaku.

Molibdenamu disalfaidi, ambayo ni semikondakta (yaani hupitisha umeme kwa kiasi tu), hubanduka kwa utepe tabaka baada ya tabaka na kuacha doa la kijivu linalong'aa. Hata hivyo, maandishi ya kifuniko yanaahidi sumaku ya tabaka moja la semikondakta, na hapo mtengenezaji ametia chumvi, kwani hiyo molibdenamu disalfaidi si sumaku. Iliyothibitishwa kuwa sumaku ya aina hiyo mwaka 2017 ni kromiamu triayodaidi, yaani mchanganyiko wa kromiamu na iodini, nayo tabaka lake moja huwa sumaku chini ya kelvini 45 tu, yaani takriban nyuzi 228 chini ya sifuri. Matabaka yakiwa mawili, usumaku wake huelekea pande zinazopingana na kufutana, ilhali yakiwa matatu hujitokeza tena. Isitoshe, kromiamu triayodaidi huharibika upesi kwa unyevu, na unyevu wa pwani tunaujua kwa kutu ya makufuli yetu.

Mwalimu wa fizikia atafaidika na grafaiti. Utepe wa sanduku hili hulegea kwa joto, hivyo anunue mwingine.