Nimezirudia Spider-Man tatu za Sam Raimi: ya pili bado ndiyo kiboko

Niseme mapema kwa asiye na muda: katika Spider-Man tatu alizoongoza Sam Raimi, ya mwaka 2004 ndiyo bora, ya 2002 inaifuata kwa karibu, na ya 2007 imeachwa nyuma ingawa ndiyo iliyotengenezwa kwa pesa nyingi kuliko zote. Mpangilio huo wengi wataukubali. Ninapotofautiana na wengi ni kwenye sababu. Wanaoiponda ya tatu huponda zile ngoma anazocheza barabarani Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man. Mimi naona tatizo liko kwingine kabisa, na nitalifikia.

Nimezitazama usiku baada ya usiku nikiwa na mpwa wangu wa kidato cha pili. Spider-Man anayemjua yeye ni Tom Holland, yule wa kupewa suti na bilionea. Tobey Maguire, Spider-Man wa Raimi, alimwona kwa mara ya kwanza kwenye filamu ya 2021, ile ambayo Maguire anarudi kama mgeni, na Willem Dafoe na Alfred Molina nao wanarudi kama maadui. Akataka kujua wametokea wapi. Sisi wa rika langu tulizipata filamu hizi kwenye vibanda umiza na CD za mtaani, mara nyingi sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya muvi, na tulichoondoka nacho ni mapigano. Safari hii tumezitazama kwa sauti yake halisi na manukuu chini, na jambo lililonikaa kichwani kuliko lolote ni kwamba Peter Parker hana hela. Hana hela tangu mwanzo hadi mwisho, na filamu zinakuwa nzuri kila zinapolikumbuka hilo.

Chukua ya kwanza. Mzee Ben, aliyemlea Peter, ni fundi umeme aliyepunguzwa kazini uzeeni. Peter anapopata nguvu za buibui, wazo lake la kwanza ni kununua gari ili Mary Jane, jirani anayempenda, amwone. Anakwenda kupigana mieleka kwa sababu kuna dola 3,000 kwa atakayedumu ulingoni dakika tatu. Anamwangusha mbabe wao kabla muda haujafika, na promota anampa dola 100, kwa hoja kwamba tangazo lilisema dakika tatu na yeye amemaliza mapema. Dakika hiyohiyo jambazi anamwibia promota na kukimbilia kwenye lifti. Peter anampisha. Anamrudishia promota maneno yaleyale ya kejeli aliyoambiwa yeye, na unamwona usoni amefurahi. Muda mfupi baadaye Mzee Ben amelala barabarani na risasi.

Hadithi hiyo imetoka kwenye kitabu cha katuni cha mwaka 1962 cha Stan Lee na Steve Ditko, lakini Raimi na mwandishi David Koepp wameisuka vizuri sana kwenye filamu. Mtu anadhulumiwa ujira wake, analipiza kidogo tu, kwa namna ambayo wengi wetu tungelipiza, na gharama yake ni baba. Ule usemi wa Mzee Ben kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa, ambao siku hizi umeshakuwa wa kubandikwa kwenye fulana, ukiusikia ndani ya gari, ukitoka kwa mzee anayejaribu kuongea na kijana asiyetaka kumsikiliza, unauma upya.

Kasoro zake zinaonekana. Peter akirukaruka juu ya mapaa mara ya kwanza, picha inafanana na mchezo wa kompyuta wa zamani. Kofia ya Green Goblin ni ngumu na imeficha uso wa Dafoe, ambao ndio silaha kubwa ya filamu hiyo. Ukitaka kujua tulichokosa, tazama pale Norman Osborn, ndiye Goblin mwenyewe, anapozungumza na nafsi yake kwenye kioo, peke yake ndani ya ile nyumba kubwa: sura inageuka kutoka mzee mwenye hofu hadi shetani bila kinyago chochote. Mpwa wangu aliweka simu pembeni hapo. Kwa wanaopenda takwimu, hii ndiyo filamu ya kwanza kuvuka dola milioni 100 ndani ya wikiendi moja ya ufunguzi huko Marekani, na bila hiyo sidhani kama studio zingethubutu kumwaga pesa kwa mashujaa wa katuni kama zinavyofanya sasa.

Ya pili. Hapa naomba mnivumilie, nina mengi.

Inaanza na Peter akisambaza piza. Amechelewa, anapanda ukutani na maboksi, anaingilia dirishani, anatokea kwenye kichumba cha mifagio, na mifagio inamwangukia kila akijaribu kufunga mlango. Dada wa mapokezi anamtazama tu. Muda umepita, kwa hiyo piza hazilipiwi, na bosi anamfukuza kazi. Kisha anakwenda gazetini kuuza picha: J. K. Simmons kama mhariri Jameson anakubali dola 300, lakini Peter alishachukua malipo ya awali yanayozidi hapo, kwa hiyo anaondoka mikono mitupu. Jioni ni siku yake ya kuzaliwa. Bi May, mjane wa Mzee Ben, ana barua ya benki mezani, nyumba inataka kuchukuliwa, na bado anamkamatisha Peter dola 20. Peter anakataa. Mama wa watu anapandisha sauti, akimlazimisha azipokee, halafu analia na kumwomba radhi. Peter anarudi chumbani kwake na mwenye nyumba anamdaka kwenye korido, anadai kodi. Peter anamwambia amebakiwa na dola 20 za kumaliza wiki. Mwenye nyumba anaipokonya noti hiyo mkononi.

Mpaka hapo hajatokea adui hata mmoja! Ni kodi, kazi, deni na masomo ya chuo yanayomshinda kwa kukosa usingizi. Hata suti yake anaifua kwenye mashine ya kulipia, rangi nyekundu na bluu inavuja na kuharibu nguo zake nyeupe. Filamu ya shujaa iliyotumia muda wote huo kuonyesha jinsi kazi ya kujitolea inavyomla mtu asiye na akiba sijaiona tena. Kwa hiyo nguvu zinapoanza kumwishia, utando haumtoki tena na anadondoka ukutani, hatuhitaji mtaalamu wa kutuelezea ugonjwa wake.

Tukio ninaloliweka juu ya mengine yote katika filamu tatu halina mapigano. Peter na Bi May wamekaa mezani nyumbani, baada ya kutoka makaburini. Bi May anajilaumu kwa kifo cha mumewe. Peter anashindwa kuvumilia, anamweleza ukweli: kwamba alikwenda kwenye mieleka, kwamba mwizi alipita mbele yake naye angeweza kumzuia, kwamba akamwacha. Ameshika mkono wa mama huyo wakati akisema. Rosemary Harris hatamki neno. Anauchomoa mkono wake taratibu, anainuka, anapanda ngazi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona hasemi kitu?" Nikamwambia atulie, atajibiwa. Na anajibiwa, Bi May anapofungasha vyombo kuhama ile nyumba na kumsamehe, kisha anamweleza kwa nini mtoto wa jirani anamhitaji Spider-Man. Mwigizaji mwingine angeigeuza ile kuwa hotuba. Harris anaisema kama bibi anayeongea huku anafunga maboksi.

Na adui, akifika, ni mtu kamili. Molina kama Daktari Octavius tunamkuta kwanza mezani kwake na mkewe, wanacheka, anamshauri Peter kuhusu mashairi na mapenzi. Mikono ya chuma iliyomganda mgongoni ilichezeshwa kwa sehemu kubwa na watu, kwa mikono yao, ndiyo maana ina tabia: inachungulia, inasikiliza, inamnong'oneza. Tahadhari kwa wenye watoto wadogo: tukio la chumba cha upasuaji ni la kutisha hasa. Raimi alianzia kwenye filamu za kutisha na hapo alirudi nyumbani. Halina muziki, ni mayowe, msumeno, na kucha za muuguzi zikiparura sakafu akiburutwa.

Tukio la Peter kuisimamisha treni sina haja ya kulieleza sana. Zile reli za juu zilipigwa picha Chicago ingawa hadithi iko New York, na wenyeji wa New York hilo wanalijua vizuri, lakini nani anajali Peter akiwa amenasa mbele ya treni kwa utando, suti ikimchanika mwilini? Wanachokifanya abiria baada ya hapo ndicho kilichofanya tukio hilo lidumu. Wanampokea, wanampitisha juu ya vichwa vyao, wanamlaza chini, na wanaona kumbe ni kijana mdogo tu. Watoto wawili wanamrudishia kinyago. Mpwa wangu, ambaye ameona Spider-Man akipigana anga za mbali, aliomba turudishe nyuma tulione tena. Filamu hii ilipata Oscar ya madoido ya picha (visual effects), na ilistahili, ila ukweli ni kwamba nguvu yake iko kwenye nyuso.

Sasa ya 2007. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 258, na mapato yake duniani yalizidi ya kila moja ya zile mbili. Maadui ni watatu: Sandman, Venom, na Harry, rafiki wa Peter mwenyewe, ambaye anapoteza kumbukumbu na kuipata tena kila hadithi inapotaka. Raimi mwenyewe amekiri hadharani kwamba Venom hakuwa chaguo lake, alishawishiwa na mtayarishaji Avi Arad. Inaonekana. Eddie Brock wa Topher Grace, ambaye ndiye Venom, anaingia, anachukia, anageuka na kufa kwa haraka mno.

Ile ngoma ya barabarani naitetea. Peter ni kijana mpole asiyejua ubabe, na kile kiumbe cheusi kinachomvaa kama suti kikimpa kiburi anafanya kile ambacho kijana mpole anadhani wababe hufanya. Lazima awe kituko. Na filamu inamwadhibu: tunafika klabuni anakofanya kazi Mary Jane, kiburi kilekile kinampiga Mary Jane hadi anaanguka chini, na ukumbi mzima unanyamaza.

Ninacholaumu ni Mzee Ben. Kwenye filamu hii polisi wanawaita Peter na Bi May kuwaambia kwamba aliyefyatua risasi alikuwa Flint Marko, ndiye Sandman, na yule jambazi wa lifti alikuwa mwenzake tu. Fikiria hilo linafanya nini. Filamu ya kwanza yote imesimama juu ya kosa la Peter. Filamu ya pili ina ule mkono uliochomolewa mezani kwa sababu ya kosa hilohilo. Hatia ya kumpisha yule wa lifti haijafutwa, lakini ghafla Peter amepewa mtu mwingine wa kumchukia, na mzigo alioubeba miaka yote umegawanywa. Ile meza inapungua uzito. Hilo sikuweza kulisamehe, na ngoma hata ziwe ngapi haziwezi kuharibu kiasi hicho.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hawakulihitaji. Marko, kwa uigizaji wa Thomas Haden Church, ni baba mwenye binti mgonjwa, anaiba kwa ajili ya matibabu. Ni mtu mwingine asiye na hela! Ni Peter mwenyewe angekuwa hana Bi May wa kumwonya. Kuzaliwa kwake kama Sandman ni dakika chache zisizo na neno hata moja: punje zinatetemeka, zinajikusanya, zinajaribu kusimama na kubomoka. Anaiona kidani yenye picha ya binti yake, ananyoosha mkono kuiokota, na vidole vinamwagika. Anajaribu tena. Muziki wa Christopher Young unapanda naye polepole hadi anasimama. Tukio hilo linakaa meza moja na chochote kilichomo kwenye filamu ya pili. Wangemwacha Marko na binti yake, wakamwondoa Venom, wakamwacha Mzee Ben kaburini, tungekuwa na filamu tatu nzuri.

Ya nne ilifutwa Januari 2010, na miaka miwili baadaye akaja Andrew Garfield kama Spider-Man mpya, na mwongozaji mwingine, kwa hiyo Raimi hakupata nafasi ya kurekebisha.

Kwa anayetaka kuzitazama: zote tatu ni kama saa sita na nusu, na nashauri usizibananishe siku moja, kwa sababu ya tatu inahitaji mtazamaji asiyechoka. Ya pili ina toleo refu lililopewa jina la 2.1. Lina kipande cha kufurahisha cha Jameson amevaa suti ya Spider-Man juu ya meza yake, lakini toleo la kawaida linakwenda vizuri zaidi, chukua hilo. Na kama una usiku mmoja tu, nenda moja kwa moja kwenye ya pili. Hutapotea: majina ya mwanzo yanapita juu ya michoro ya Alex Ross inayosimulia filamu ya kwanza yote, tangu buibui hadi kaburini, kabla Peter hajaonekana na piza zake.