Miaka Mitatu na Maktaba ya Chuo Chetu: Uzoefu Wangu

Mwaka wa kwanza wote niliingia maktaba ya chuo na daftari langu, nikakaa, nikasoma notisi zangu, nikatoka. Sikugusa kitabu hata kimoja. Na sikuwa peke yangu. Wiki ya mitihani, kufika saa mbili asubuhi viti vyote vimeshajaa, lakini kwenye rafu hakuna mtu. Tulichokuwa tunafuata ni meza, feni na ukimya. Sasa nimemaliza mwaka wa tatu, na roho inaniuma nikikumbuka vitu vilivyokuwa hatua ishirini tu kutoka nilipokuwa nakaa. Chuo sitakitaja. Ni chuo kikuu cha mkoani, nami nilikuwa nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia.

Kilichonigeuza ni ripoti ya utafiti. Nilichagua mashairi yaliyochapwa katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Msimamizi wangu alisoma pendekezo langu, akaniuliza swali moja tu: "Utayasomea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikashuka kaunta ya maktaba.

Pale hukaa mkutubi mmoja, mama mtu mzima, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nampita kama napita mlinzi wa geti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetafuta nini ukakosa?"

Nikamweleza. Hakuninyooshea kidole kuelekea rafuni. Alisimama, akanipeleka kwenye kompyuta ya katalogi, akavuta kiti cha pili, tukakaa karibu saa nzima. Katalogi yetu inaendeshwa na Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika huko mwaka 2000; mama aliniambia jina hilo kwa Kimaori maana yake ni zawadi. Mimi nilizoea kuandika jina la kitabu na kukata tamaa kisipotokea. Yeye alinifundisha kutafuta kwa mada, kisha nikipata kitabu kimoja kinachofaa, nifuate namba yake ya rafu nione na ndugu zake waliokaa nacho.

Hizo namba ndizo nilizokuwa naziona kwenye migongo ya vitabu bila kujua zinasema nini. Mpangilio ni wa Dewey, wa kuvipa vitabu namba kulingana na mada, uliotoka Marekani mwaka 1876. Sarufi na isimu ya Kiswahili ziko 496.392. Ushairi, riwaya na tamthilia zetu ziko 896.392. Lakini mambo ya magazeti ya Tanzania yako 079.678, mwanzo kabisa wa ukumbi, upande wa kamusi elezo. Wiki mbili nzima nilikuwa nazunguka kwenye rafu za Kiswahili nikiamini maktaba haina kitu juu ya magazeti, kumbe vitabu vinne vilikuwa vimekaa karibu na mlango ninaoingilia kila siku.

Niseme na hili, maana linanikera tangu nilipolijua. Katika mpangilio huo fasihi ya Kiingereza ina 820 yake nzima, Kijerumani kina 830, Kifaransa kina 840. Lugha za Afrika kwa mamia, kuanzia Kiyoruba mpaka Kizulu, zimebanwa ndani ya 896 moja, na Kiswahili kinajulikana kwa tarakimu zilizo nyuma ya nukta. Lugha inayosemwa na watu wengi namna hii! Wakutubi wetu hawana kosa hapo, wameurithi mpango kama ulivyo. Ila mwanafunzi wa Kiswahili anayesimama mbele ya rafu ile ajue kwamba ufinyu ule umetokana na mpangilio wa zamani, haukutokana na uchache wa kazi zetu.

Jambo lililonishtua kuliko yote ni majarida ya mtandaoni. Kwa miaka miwili nilikuwa nanunua bando, napakua makala nusu nusu, nafika kwenye ukurasa wa kulipia naishia hapo. Siku za bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi ikiingia, nilikuwa nalipia steshenari wanitafutie. Siku ile mama alichukua kipande cha karatasi, akaniandikia anwani na nywila ya chuo, akasema, "Hii unatumia hata ukiwa nyumbani." Chuo kimesajiliwa katika Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa, ulioanza na Hinari ya majarida ya afya mwaka 2002, ukaongezewa kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Rafiki yangu anayesoma kemia alikaribia kulia nilipomwonyesha. Alikuwa ameshatumia pesa ya chakula kununua makala.

Kwa sisi wa Kiswahili faida ilikuja kwa njia nyingine. Jarida la Swahili Forum, lililoanza 1994 huko Ujerumani, linasomwa bure na lina makala nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe. AJOL (African Journals Online), tovuti ya majarida, inakusanya yale yanayochapishwa Afrika, na mengi yako wazi kwa yeyote. Haya hayahitaji hata nywila. Yanahitaji mtu wa kukuambia kwamba yapo.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya tulitembezwa maktaba kwa dakika kumi, tukaonyeshwa pa kuacha mabegi na faini ya kuchelewesha kitabu. Basi. Hakuna aliyetaja nywila, hakuna aliyefungua katalogi mbele yetu. Watu wanahitimu bila kujua. Nilipomuuliza mama, alisema wameomba mara kadhaa wapewe walau vipindi viwili kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza, hawajapewa. Ninaungana naye kwa nguvu zangu zote. Vipindi viwili tu.

Upungufu mwingine niutaje wazi. Vitabu vya kiada ni vichache mno. Kitabu kimoja cha nadharia ya fasihi kilikuwa na nakala mbili kwa darasa la watu zaidi ya mia mbili, na zote zimewekwa sehemu ya akiba, tunayoiita rizevu, ambako unakabidhi kitambulisho na kusoma kwa saa mbili tu. Ukikuta jina lako ni la tisa kwenye foleni, siku yako imekwisha. Soketi za kuchajia laptopu zinazofanya kazi ghorofa ya juu ni sita, nimezihesabu. Jumapili hakufunguliwi, wakati ndiyo siku pekee wengi tuna nafasi.

Halafu kuna kurasa zilizochanwa. Hili ni letu sisi wanafunzi. Nilisubiri kitabu cha historia ya uandishi wa habari siku tatu. Kilipofika zamu yangu, sura niliyoihitaji haikuwepo, imekatwa kwa wembe, safi, kurasa kumi na moja. Kopi ya kurasa hizo isingefika gharama ya chipsi mayai. Aliyekata alishafaulu mtihani wake, lakini kitabu hakiponi, na hakuna nakala nyingine chuo kizima. Nilikaa nimekishika muda mrefu.

Mambo Leo lenyewe hatukuwa nalo. Mama ndiye aliyeniambia niende Dar es Salaam, Chuo Kikuu, nikaombe mkusanyiko wa East Africana, yaani machapisho yanayohusu Afrika Mashariki, akaniandikia barua ya utambulisho. Nilifikia kwa shangazi Mbagala. Maktaba mpya pale Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa serikali ya China na kufunguliwa Novemba 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mtu wa mkoani unasimama mlangoni kwanza unashusha pumzi. Vitu vya East Africana haviazimwi. Unajaza fomu, unaletewa, unasoma hapo hapo. Siku nne nilisoma washairi wakijibizana kutoka toleo hadi toleo, wa mji huu anauliza, wa mji ule anamjibu, nikinakili kwa penseli mpaka vidole vikafa ganzi. Wahudumu walinivumilia. Mmoja aliniongezea toleo ambalo sikuliomba, akasema, "Angalia na hili, dada, wanaendelea kubishana."

Wiki iliyopita nilipeleka fomu ya kuhitimu isainiwe, kwa sababu bila sahihi ya maktaba hupewi cheti. Mama alitazama kwenye kompyuta, sidaiwi kitabu wala faini. Akasaini. Kisha akaniomba nakala moja ya ripoti yangu. Nilikuwa nayo kwenye begi. Aliifungua, akaandika 079.678 kwa penseli ndani ya jalada, akaiweka juu ya rundo la vitabu vinavyosubiri kuingizwa kwenye katalogi.