Tahadhari: saa janja ya "kupima moyo" iliyosema mama yangu ni mzima

Wakuu, habari za jioni. Nina wiki tatu hili jambo limenikaa kooni. Leo nalitoa, maana jana nimemwona yule muuzaji karudi mtandaoni na jina jipya, na watu wanaendelea kumtumia hela.

Mama yangu ana miaka 64, yuko Morogoro. Mwaka jana aligundulika ana tatizo la moyo kupiga bila mpangilio, lile ambalo madaktari huliita AF. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo na inaweza kuganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Mwenye AF hatari yake ya kupata kiharusi ni kama mara tano ya asiye nayo. Akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, nyingine ya kupunguza kasi ya moyo, na kliniki kila mwezi.

Mimi niko Dar, kazi ni kupiga simu asubuhi na jioni: "Mama, moyo unasemaje?" Ndipo nikakutana na tangazo. Mzee mmoja kavaa koti jeupe, shingoni kipimo cha daktari, anaongea lugha yake huku sauti ya Kiswahili imebandikwa juu. Saa inapima mapigo, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), presha, sukari bila kutoboa kidole, oksijeni, hadi msongo wa mawazo. "Imethibitishwa kimataifa." Bei laki mbili na arobaini, ofa ya leo tu laki moja na ishirini, delivery bure hadi mikoani. Nikalipa kwa lipa namba, mzigo ukapanda basi, kesho yake mama anao mkononi. Hapo nilijiona mtoto mwenye akili.

Kila siku saa ilimwonyesha 72, 74, 71, na kimoyo cha kijani. Mama akaipenda kweli. Akawa ananitumia picha ya skrini kwenye WhatsApp kabla hata ya salamu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba alishaanza kuruka vidonge. Kwenye hesabu zake, moyo umetulia, dawa zinamlegeza, za nini? Kliniki ya mwezi ule hakwenda.

Siku ya tatizo ilikuwa Jumapili jioni. Akahema kwa shida hata kutoka jikoni kwenda sebuleni. Akaangalia saa: 76, kijani. Akalala kidogo ili ipite. Bahati yake binti wa jirani ni nesi, alipita kurudisha sufuria. Akamkamata mkono, vidole vitatu chini ya kidole gumba, macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu. Akaacha. Akaanza upya. Akamwambia, "Mama, hapa mkononi nahesabu kama 112, na hayafuatani kabisa. Hiyo saa inasema ngapi?" Hospitali walipomfunga waya za ECG, moyo ulikuwa unakwenda 146.

Yuko salama, namshukuru Mungu. Alilazwa siku nne, dawa zikarudishwa, akapata na maneno yake kutoka kwa daktari.

Nikaichukua ile saa nikaja nayo Dar. Kwanza nikafungua zile picha za skrini za ECG alizokuwa ananitumia. Siku tatu tofauti, muda tofauti, mchoro ule ule. Nikaziweka moja juu ya nyingine kwenye simu: kila kilima juu ya kilima chake, kama mshono wa cherehani. Mtu mwenye AF mchoro wake hauwezi kunyooka hivyo, ugonjwa wenyewe ndio huo wa kutokuwa na mpangilio. Mimi si daktari, lakini hili hata mtoto wa darasa la nne angeliona, na mimi nilikuwa najibu "safi mama" kila asubuhi.

Halafu nikaifunga kwenye ndizi mbivu. Ikasoma 74. Hapa niwe mkweli, kipimo cha ndizi kisiwadanganye, kwa sababu hata saa za maana zinaweza kutoa mapigo kwenye ndizi au kwenye karatasi ya chooni: mwanga wake ukirudi kutoka kwenye kitu chochote, saa inahangaika kutafuta mdundo. Kilichonimaliza ni vipimo vingine. Ndizi yangu ilikuwa na presha 118 kwa 76 na sukari 5.4. Nikaivua kabisa nikaiweka juu ya meza, mchoro wa ECG ukaendelea kutembea.

Nikaipeleka kwa fundi simu Kariakoo. Kaifungua mgongo kwa dakika mbili, akacheka. Taa ya kijani ipo, inawaka vizuri. Lile jicho dogo la kupokea mwanga unaorudi, halipo. Kile kitufe cha pembeni kilichoandikwa ECG ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kagusisha mita yake ya umeme pande zote mbili, hailii, yaani umeme haupiti. Namba zote tulizokuwa tunazisoma zilikuwa zinatungwa na programu, kwa makusudi, ndani ya kiwango cha mtu mzima wa afya. Ingekuwa inatoa namba za ajabu tungeshtuka siku ya kwanza. Huu utapeli umefikiriwa.

Sasa niwaeleze nilichojifunza, ili asije mwingine akapigwa kama mimi. ECG ni kipimo cha umeme. Moyo ukipiga unatoa umeme kidogo, na ili uusome lazima uguse mwili sehemu mbili, moyo ukiwa katikati. Einthoven, yule Mholanzi aliyepata Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo, alikuwa akiwatumbukiza watu mikono kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Saa halali zinafanya jambo hilo hilo kwa udogo: mgongo wa saa unagusa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia unakiweka kwenye kitufe, unatulia sekunde 30. Ukitoa kidole, kipimo kinakatika. Kwa hiyo ukiuziwa saa ya ECG, swali la kwanza ni hili: mkono wa pili unagusa wapi? Muuzaji akibabaika, ondoka.

Taa ya kijani ni habari nyingine. Damu hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kila pigo linapojaza mishipa ya ngozi, mwanga unaorudi unapungua, na jicho linahesabu. Kwa mtu aliyekaa kimya, saa nzuri inahesabu vizuri tu. Akianza kufua au kutwanga, inachanganya. Na mwenye AF ana shida ya ziada: mapigo mengine ni dhaifu hayafiki mkononi. Ndiyo maana nesi alipata 112 na mashine ikapata 146, na wala nesi hakukosea.

Hata zile za bei mbaya zina mipaka yake. Watafiti wa Stanford walifuatilia watu 419,297 waliovaa Apple Watch, matokeo yakachapishwa 2019. Waliopata arifa ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa 2,161 tu. Waliotumiwa kipimo cha kubandika kifuani na kukirudisha kikiwa na data, 450, ni asilimia 34 ndio walionekana na AF, kwa sababu AF huja na kuondoka, na kipimo kilifika siku kadhaa baada ya arifa. Saa ya kweli ikikustua, nenda kapimwe. Ikikaa kimya, usijione umepona. Na hakuna inayokuambia kwamba unapata shambulio la moyo. Watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo.

Presha je? Za Samsung zinazopima presha zinakutaka kwanza uzipatanishe na mashine ya kawaida ya mkono, na urudie kila siku 28. Huawei walitoa Watch D ambayo mkanda wake una kifuko kinachojaa upepo na kukubana kweli. Ya mama haikubana wala haikupatanishwa na chochote. Sukari ndiyo kabisa: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Ukiona tangazo linataja sukari bila kutoboa, huna haja ya kusoma mstari unaofuata.

Nilimrudia muuzaji. Kwanza: "Bosi, hiyo ukiivaa sana inamzoea mtu." Nikamtumia video ya ndizi. Akajibu, "Ndizi haina moyo bosi, ndiyo maana inakosea." Nikamwambia haijakosea, imesema ndizi ni nzima. Akanipa blu tiki, baadaye akanibloku. Namba ya kulipia ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanamke, sauti ya simu ilikuwa ya kijana, na duka alilonielekeza pale mjini ni la vitenge, wenyewe hawamjui.

Jina la ukurasa silitaji, kwanza halisaidii, limeshabadilika mara mbili. Shikeni dalili zake: maoni yamefungwa, au yapo yale ya "nimepokea asante" yaliyoandikwa yote siku moja, saa haina jina la kampuni wala namba ya toleo unayoweza kuitafuta, ofa ya leo tu ambayo kesho ipo, unalipa kwanza, unafungua baadaye, na yule mzee wa koti jeupe. Akikwambia kimethibitishwa, mwulize namba ya usajili ya TMDA, maana vifaa tiba hapa nchini vinasimamiwa na hao. Mimi akanitumia emoji ya dole gumba.

Kama umeshamnunulia mzazi, leo hii mpigie umwulize swali moja: vidonge umekunywa? Mimi nilikuwa nauliza saa inasemaje.

Laki na ishirini sijarudishiwa. Jana ile video ya mzee wa koti imepandishwa tena, safari hii saa ni elfu themanini na tano, na wameongeza kwamba inapima figo.